Kadi ya Ng'washi

Kiseke, Mwanza
14 Januari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mbuzi zako na lile goti lako lenye hasira. Huku sisi hatujambo. Ng'washi tumbo limeanza kuonekana. Asubuhi anatapika, halafu anakaa anakula mihogo kama si yeye. Mumewe Shimba bado yuko Geita mgodini, anapiga simu kila Jumapili. Usiwe na wasiwasi na binti yako. Chumba tunalala kimoja na kazini tunachuna samaki meza moja, kwa hiyo akikohoa tu mimi nasikia. Barua nampa Yeremia, kondakta wa gari la Magu, pale Buzuruga, maana najua masikio yako na simu viligombana siku nyingi.

Sasa sikia habari. Kiwandani wametuletea mpango wa afya ya wafanyakazi. Kila Ijumaa saa kumi na mbili na nusu, kabla hatujaingia kuchuna minofu ya sangara, tunapanga mistari uani tunafanya mazoezi, mwalimu anapuliza filimbi. Yule mama mnene wa meza ya pili siku ya kwanza alikaa chini kabisa akasema mwili wake hakuuleta kiwandani kuchezewa. Tulicheka mpaka msimamizi akakasirika. Baada ya mazoezi kuna mhudumu anatupima presha na uzito. Kila mtu ana kadi yake, na mlangoni kuna ubao wenye majina yetu yote. Ukiwa mzima unabandikiwa duara la kijani, ukiwa na shida jekundu. Meza itakayokuwa na kijani kingi na utoro kidogo mpaka mwezi wa sita itachinjiwa ng'ombe dume.

Na balozi wa afya wa meza ya nne ni nani? Ni mimi, Shangazi. Nimepewa fulana ya bluu, na sahihi yangu ndiyo inayokaa chini ya kadi za wenzangu kumi na mmoja. Mtoto uliyemlea kwa uji wa mtama leo anatia sahihi kwenye mambo ya afya kama wewe.

Ng'washi anakuamkia.

Mwanao,
Modesta


Kahangara, Magu
4 Februari 2024

Mwanangu Modesta,

Marahaba. Mimi sijambo, goti ndilo halijambo zaidi yangu, linanitawala. Barua yako imefika ikinuka dagaa, sijui Yeremia aliiweka wapi. Nimefurahi kusikia umekuwa balozi. Balozi wa nchi gani sijui, lakini hongera.

Nimeisoma mara mbili, na nina maswali ya kizee. Nimekaa zahanati miaka thelathini na mmoja, na kitu nilichojifunza ni kwamba kupima ni rahisi, mashine inapima yenyewe. Kazi iko baada ya kupima. Huyo mwenye duara jekundu mnamfanya nini? Anapewa dawa, anapewa kiti, anaondolewa kwenye barafu, au anabandikwa tu ubaoni watu wamwone? Na nani kasema presha ya mtu ni ya ubaoni? Zahanati nilikuwa nafunga mlango hata kwa mtu wa fangasi wa miguu. Na huyo meneja wenu, yeye naye anapimwa? Duara lake lina rangi gani?

Jambo lingine. Ng'washi ana mimba. Mtu mwenye mimba anasimama saa kumi nzima juu ya sakafu ya maji baridi, anaomba ruhusa kwenda chooni kama mwanafunzi, halafu Ijumaa mnamrusha mikono juu dakika ishirini. Mmempa afya gani hapo? Kama mnataka kumsaidia, ombeni stuli. Waliwahi kuwauliza ninyi wenyewe mnaumwa nini, au walikuja na filimbi tayari?

Usinune. Unajua mdomo wangu. Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza, na Ng'washi ndiye mtoto niliyebaki naye. Mwangalie.

Shangazi yako,
Hellen


Kiseke
10 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Vipi goti? Sisi wazima, mvua tu imetuharibia njia ya kwenda kazini.

Nilinuna kidogo, sitakuficha, halafu nikaenda kuuliza kama ulivyosema. Jonathan wa ofisi ya utumishi alinijibu kwa upole kwamba meneja hapimwi kwa sababu hayuko kwenye meza yoyote. Kuhusu stuli alisema mezani haziruhusiwi, ni mambo ya usafi, na wanunuzi wa nje hawapendi. Hakuna aliyewahi kutuuliza tunaumwa nini. Mpango ulikuja na vitabu vyake vimeshachapwa.

Mwenye jekundu anarudishwa nyumbani bila malipo mpaka alete karatasi ya daktari. Rebeka wa mezani kwetu yalimkuta hayo mwezi uliopita. Alikaa siku tisa, na kila siku ikahesabiwa utoro wa meza nzima, tukashuka kutoka wa kwanza hadi wa tano. Aliporudi hakuna aliyemsogelea wakati wa chai. Hata mimi sikumsogelea, nasema ukweli. Siku ya kliniki nayo inahesabiwa utoro, hata ukiwa na kadi ya wajawazito mkononi. Kwa hiyo mwezi huu Ng'washi hakwenda kliniki.

Lakini usishtuke. Anapimwa hapa kila Ijumaa, na ni kijani. Ijumaa iliyopita kijani, na ile ya kabla yake kijani. Kadi nimeitia sahihi mimi mwenyewe.

Mwanao,
Modesta


Kahangara
1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka

Mwanangu,

Marahaba. Pasaka tumeila vizuri, nimechinja jogoo yule mkorofi. Nilimwekea Ng'washi paja nikakumbuka hayupo, nikampa mtoto wa jirani.

Ng'washi amenitumia kikaratasi cha mistari mitatu. Anasema kichwa kinamgonga tangu anapoamka, viatu vimegoma kuingia, na mara nyingine anaona vimulimuli mbele ya macho. Angekuwa mama mwingine ameniandikia hivyo, ningepanda gari la kwanza, goti au pasipo goti. Nilitoa kipimo changu cha presha kabatini nikakiweka kwenye mkoba. Halafu nikaisoma tena barua yako, kwamba kila Ijumaa anapimwa na ni kijani, nikakaa. Presha ikiwa nzuri, miguu kuvimba ni kawaida ya mimba na kusimama, na kichwa kinaweza kuwa njaa au usingizi. Nimemwambia apunguze chumvi, alale kwa ubavu wa kushoto.

Ila kijani ni rangi, Modesta. Mimi rangi sikusomea. Niandikie namba zenyewe, ya juu na ya chini, kama zilivyo kwenye kadi. Nikiziona namba nitalala.

Shangazi yako,
Hellen


Kiseke
21 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Naandika kwa haraka, Yeremia anasubiri.

Namba za Ng'washi za Ijumaa: juu 118, chini 76. Uzito umeongezeka vizuri. Tumerudi nafasi ya kwanza kwenye ubao, meza nzima ina furaha. Lala salama.

Mwanao,
Modesta


Kiseke
16 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama inafaa nikuulize hali. Nimerudi kutoka msibani wiki mbili sasa, na kila siku naanza barua hii naichana.

Pale nyumbani, siku ya pili baada ya kuzika, uliniita nyuma ya jiko ukaandika kwenye daftari, watu wasisikie, "Zile namba ulizisoma mwenyewe?" Niliitikia kwa kichwa. Nilizisoma mwenyewe, hiyo ni kweli. Ila hazikuwa za Ng'washi. Zilikuwa zangu.

Acha nikueleze yote, halafu ufanye unavyotaka.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tatu, tukiwa kwenye foleni ya kupimwa, Ng'washi aliniambia, "Dada, leo mimi ni jekundu, nasikia mishipa ya shingo." Siyo ugonjwa aliouogopa, aliogopa kufanywa kama Rebeka. Alisema wakimrudisha nyumbani na tumbo lile hawatamchukua tena. Mimi nikamwambia anipe kadi.

Unajua tunavyovaa kule. Koti jeupe, kofia, barakoa, macho tu ndiyo yako nje. Mhudumu anatoka kampuni nyingine, hatujui, anaita namba ya kadi hata kichwa hainui. Nilikaa na kadi yangu, nikazunguka foleni, nikakaa tena na ya kwake. Ijumaa kumi na mbili nilifanya hivyo. Meza yote ilijua. Hakuna aliyeona vibaya, Shangazi, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kwetu kwenye kilimo cha kikundi, mwenzako akiumwa si unampigia matuta yake, ili jioni wakipita kukagua asionekane amebaki nyuma? Tumekua hivyo. Niliona nampigia Ng'washi tuta lake. Wenzangu walinisifu, wakasema huyu ndiye balozi.

Na nisijipake mafuta. Haikuwa huruma tupu. Nilimtaka na yule ng'ombe. Nilitaka Jonathan aniite mbele.

Ulipoomba namba nilikaa na kalamu muda mrefu. Ng'washi alikuwa kitandani ananitazama, akasema, "Ukimwambia Mama atakuja kunichukua, na kazi itakuwa imekwisha." Nikaandika za kwangu.

Tarehe ishirini na nane mwezi wa tano, saa nne asubuhi, kisu kilimtoka mkononi. Nilidhani ameteleza. Akaanguka kwenye maji ya barafu, akawa anakakamaa, macho yamepinduka. Wengine walidhani ni kifafa cha kuzaliwa nacho, wakawa wanatafuta kijiko cha kumwekea menoni. Ilichukua muda mpaka likapatikana pikapu la kiwanda. Hospitali daktari alimpima, mashine ikasoma juu 210, chini 130. Akaniuliza kama alikuwa na presha huko nyuma. Mimi nikamwonyesha kadi, Shangazi. Sijui kwa nini, mkono ulitoka wenyewe. Akaitazama ile kadi, akaitazama mashine, akaagiza waletewe mashine nyingine, akidhani yake imeharibika. Ndipo nikasema kadi ni ya uongo. Sikusema mapema. Nilisema baada ya mashine ya pili.

Mtoto alitolewa akiwa ameshakufa. Alikuwa wa kike, hilo unalijua, ulimshika. Ng'washi akamfuata saa tisa alasiri. Daktari alisema ni kifafa cha mimba. Alisema kinaonekana mapema mtu akipimwa.

Sina la kuongeza. Nilikudanganya wewe uliyenilea, na ulikuwa umeshaweka kipimo kwenye mkoba.

Modesta


Kiseke
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Yeremia ameniambia barua ya Juni aliiweka mkononi mwako na ukaipokea. Jibu sijapata, na silidai. Naandika kwa sababu kuna jambo limetokea, na sitaki ulisikie njiani kwa watu.

Baada ya msiba kiwandani walisimama dakika moja, kisha mpango ukaendelea. Mwisho wa mwezi wa sita ng'ombe alichinjwa kweli. Meza ya nne tulishinda. Wenzangu wengine walikula. Mimi nilikaa chooni mpaka kengele ilipolia.

Mwezi wa saba Shimba alikuja kutoka Geita kuuliza mkewe amekufaje. Jonathan alimkaribisha vizuri, akamwekea kadi ya Ng'washi mezani. Ijumaa kumi na mbili, zote kijani, na sahihi yangu chini ya kila moja. Akamwambia kiwanda kilimjali marehemu kuliko hata kliniki ilivyomjali, na kwamba mke wake alikuwa mzima kazini, ugonjwa aliutoa nyumbani. Shimba alitoka ameinamisha kichwa. Alipita mezani kwetu akanishika mkono, akanishukuru kwa kumtunza. Alinishukuru, Shangazi.

Wiki iliyofuata Jonathan akaniita nitie sahihi maelezo kwamba vipimo vyote vilifanyika mbele yangu, kwa utaratibu. Kuna wageni wanakuja kutazama mpango wetu ili viwanda vingine viuige. Nilimwomba siku mbili.

Ijumaa tarehe mbili, uani, mistari ikiwa imepangwa, nilimwomba mwalimu filimbi. Alidhani nataka kuongoza mazoezi. Niliwaambia wote, meza zote nane, na Jonathan akiwa pale. Nilisema, "Kadi ya Ng'washi ni presha yangu mimi. Yeye hakupimwa hata siku moja tangu mwezi wa tatu, na amekufa kwa presha." Nikamrudishia mwalimu filimbi yake.

Nilijua nimekwisha. Halafu Rebeka, yule tuliyemtenga, akanyoosha mkono, akasema tangu arudi yeye naye anapimiwa na mdogo wake wa meza ya sita. Akafuata mwingine, na mwingine. Tulipomaliza walikuwa kumi na tisa. Wawili kati yao ni wajawazito. Yule mama mnene wa meza ya pili alisema yeye ana dawa za presha nyumbani na haji nazo kazini, maana wakiziona kwenye pochi ataulizwa. Ndipo midomo ikafunguka. Mmoja alitaka kukaa, hata juu ya kreti. Mwingine alisema siku ya kliniki ikiacha kuitwa utoro, yeye ataenda kesho. Nilikumbuka maswali yako ya mwezi wa pili, Shangazi, na nikaona aibu, kwa sababu majibu yalikuwa pale mezani siku zote. Hakuna aliyeuliza, na mimi balozi ndiye nilikuwa wa kwanza kutokuuliza.

Jumatatu nilipewa barua ya kuachishwa kazi, kosa ni kughushi kumbukumbu. Hawakusema uongo, nilighushi. Kadi sasa zimebandikwa picha, na wakati wa kupimwa barakoa inavuliwa. Ubao upo palepale. Utoro unahesabiwa vilevile. Wale kumi na tisa wameitwa ofisini mmoja mmoja, na saba hawajarudi kazini.

Shimba nilimpigia simu nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata. Hajapokea tena.

Nimekaa hapa chumbani na kitanda cha Ng'washi. Jana Rebeka alikuja na wanawake wengine watatu. Kwenda hospitali wanaogopa, wanaona majibu yatafika kiwandani. Wakaniuliza kama mama yake Ng'washi bado ana kipimo chake, na kama wanaweza kupanda gari la Magu waje wapimwe mahali ambapo hakuna ubao. Niliwaambia sina ruhusa ya kukusemea tena. Wakaniomba niulize tu. Nimeuliza.

Shangazi, hasira yako ni haki yako. Nipige, nitukane, ila niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao, kama bado,
Modesta


Kahangara
20 Agosti 2024

Modesta,

Kipimo kipo, kile kinachoandika namba chenyewe, na mpira wake nimebadilisha. Waje Jumapili baada ya ibada, wasizidi kumi kwa siku. Nitawapima mmoja mmoja mlango ukiwa umefungwa, na kila mtu ataondoka na namba zake mwenyewe. Wajawazito watangulie, waje na kadi za kliniki hata kama hazina kitu ndani. Wanaolala mbali waje na kanga, pa kulala papo. Waambie shida zao waniandikie kwenye karatasi, sisikii.

Wewe usije.

Mama Ng'washi